Kukua kwa Imani katika Nchi ya Kakamega

Ukitoka mji wa Kakamega ukashika njia ya kusini, msitu mkubwa ukiwa upande wa mkono wako wa kushoto, kisha ukapinda Chavakali kuelekea mashariki, utafika Kaimosi. Leo mahali hapo pamo katika kaunti ya Vihiga, lakini kwa miaka mingi palihesabiwa kuwa sehemu ya nchi ya Kakamega. Hapo ndipo walipofika, mwezi wa Agosti 1902, Wamarekani watatu wa dini ya Marafiki: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Reli ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu kabla yao. Nataka, msomaji, tuitazame imani waliyoileta jinsi ilivyokua, maana wewe nawe umo katika umri wa kukua, na kukua si jambo la mwili peke yake.

Mtume Paulo aliwafananisha waumini wachanga na watoto wanyonyao maziwa. Mfano huo hauna aibu, kwani hapana aliyezaliwa na meno. Yenye aibu ni hali ya mtu mzima ambaye bado alilia maziwa.

Imani ya Kaimosi ilianza na maziwa. Misheni ile iliitwa misheni ya viwanda, nayo ilikuwa na shule, dawa za wagonjwa, na mashine ya kupasulia mbao iliyoendeshwa kwa nguvu za maji. Kazi, ujira, kusoma na kusali vilikuja pamoja kama mzigo mmoja. Kijana aliyeketi darasani alikuwa akifuata kipi katika hivyo? Pengine mwenyewe hakujua. Walakini baadhi yao, kama Daudi Lung'aho na Yohana Amugune, walijifunza wakatoka wakawafundisha wenzao, na mtu hafundishi muda mrefu kabla hajaulizwa swali ambalo hakufundishwa jibu lake.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya lugha. Huko Vihiga, Emory Rees alifanya kazi ya kufasiri Maandiko katika Kimaragoli pamoja na mwalimu Joel Litu. Biblia nzima katika lugha hiyo ilitoka mwaka 1951, lakini sehemu zake zilikuwa zimekwisha kusomwa vijijini miaka mingi kabla ya hapo. Usilidharau jambo hili. Mtu asikiaye neno kwa kinywa cha mwingine hana budi kukiamini kinywa hicho. Asomaye mwenyewe aweza kurudi nyumbani, akafungua kitabu na kuuliza kama ndivyo kilivyoandikwa.

Mwaka 1927 maswali yakaja kwa wingi. Chilson alihubiri Kaimosi kwamba haitoshi mtu kuandikwa jina katika kanisa. Yampasa kuungama dhambi zake na kujazwa Roho Mtakatifu. Wasikilizaji wakaamini. Wakaungama mbele za watu, wakalia, wakatetemeka, wengine wakanena kwa lugha zisizojulikana. Haukupita muda mrefu Chilson akaondoka. Wamisionari waliobaki, pamoja na wazee wa kanisa, wakaingiwa na hofu, kwa kuwa ibada waliyoizoea ilikuwa ya utulivu. Wale wa Roho wakaamriwa kuyaacha mambo yao. Walipokataa, wakatolewa katika kanisa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Jakobo Buluku.

Hapa yafaa tusimame kidogo tukumbuke habari za kale. Mwaka 1650, katika mji wa Derby huko Uingereza, George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, alipelekwa mbele ya hakimu. Fox akamwambia hakimu atetemeke mbele ya neno la Mungu; hakimu naye, kwa dhihaka, akawaita Fox na wenzake Watetemekaji. Jina hilo la kejeli limewakaa Marafiki ulimwenguni kote hata leo. Basi Kaimosi watoto wa watetemekaji waliwafukuza watu kwa kosa la kutetemeka!

Ni nani basi aliyekuwa amekomaa? Mimi siwezi kuutoa ushindi wote kwa upande mmoja. Hofu ya wazee ilikuwa na sababu: mtu aweza kutetemeka Jumapili na kumdhulumu jirani yake Jumatatu. Lakini walikosa subira, nao walitaka mche ukue bila kutikiswa na upepo. Wale waliofukuzwa, kwa upande wao, walitoka wakiwa hawana shule, wala hospitali, wala Mzungu wa kuwasemea kwa serikali. Walisali majumbani, wakachagua viongozi wao, wakajenga makanisa yao. Moto wa siku moja huwaka kwa mtu yeyote. Wao waliutunza miaka na miaka bila mlezi, na hiyo ndiyo sehemu ya habari yao ninayoistahi zaidi.

Waliobaki nao hawakudumaa. Mwaka 1946 Marafiki wa huku waliunda Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, na baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963 wakaishika wenyewe kazi iliyokuwa mikononi mwa wamisionari. Thomas Lung'aho, mwana wa yule Daudi, alikuwa katibu wao mkuu. Si kwamba ugomvi ulikwisha: mwaka 1973 Marafiki wa upande wa Elgon walijitenga wakawa na mkutano wao. Hata hivyo Kenya leo ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Na wale wa Roho? Kutoka kwao yalizaliwa makanisa kadhaa, na siku za ibada utawaona waumini wao wakipita njiani katika mavazi meupe. Moja la makanisa hayo, Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu, lilipokewa mwaka 1975 katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Humo lilikuta wamekwisha kuketi, tangu kuanzishwa kwa baraza hilo mwaka 1948, Marafiki wa Marekani.