Hina ya Majengo, rangi nyeusi ya kinyozi

Serikali ya kikoloni ilipotenga Pumwani mwaka 1922 kuwa makazi ya Waafrika wa Nairobi, waliohamia huko hawakuja mikono mitupu. Wengi wa waliojenga Majengo, mtaa wa huko Pumwani, walikuwa Waislamu: Waswahili wa pwani na watu wa bara waliosilimu, wakiwamo wanawake waliomiliki nyumba zao wenyewe na kupangisha vyumba. Pamoja na kanzu, buibui na maulidi, walikuja na hina. Historia ya kufunika mvi Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inaanzia hapo.

Kwa majirani wao wengi kutoka bara, mvi hazikuwa jambo la kutafutiwa dawa. Wanawake wa Agikuyu walizoea kunyoa kichwa, na mzee mwenye nywele nyeupe alisikilizwa barazani kwa sababu ya weupe ule ule.

Majengo ilikuwa na hesabu nyingine. Waislamu wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na katika mapokeo yao kuna kisa cha Abu Quhafa, babake Abu Bakr, aliyeletwa mbele ya Mtume siku Makka ilipotekwa mwaka 630, kichwa na ndevu vikiwa vyeupe pe. Mtume aliagiza weupe ule ubadilishwe, ila nyeusi iepukwe. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 anayetegemewa sana na Mashafii, alishikilia kwamba kupaka nyeusi kumekatazwa. Ndiyo maana mzee aliyetoka kuswali katika Msikiti wa Riyadha, Pumwani, aliweza kuwa na ndevu za rangi ya kutu na asionekane mtu wa kujipamba. Rangi ile haikuficha umri. Ilitangaza imani.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Majani makavu ya mhina husagwa na kuchekechwa, yakakandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, kisha bakuli likafunikwa kwa saa kadhaa hadi rangi iachie. Uji ule mzito hupakwa kuanzia kwenye shina la nywele, kichwa kikafungwa, na mtu akakaa nao nusu siku. Nywele nyeusi hubadilika kidogo tu, lakini unywele mweupe hutoka na rangi ya chungwa au nyekundu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wenye nyumba kupelekwa Shauri Moyo, mila hizo zilihama nao.

Nyeusi ilipitia njia ndefu zaidi. Mwaka 1863 mwanakemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann alieleza kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo baadaye iligunduliwa kuwa hugeuka nyeusi ndani ya unywele inapokutana na oksijeni. Mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller alianza kuwauzia wasusi wa Paris rangi yake ya kutengenezwa maabara, na miaka miwili baadaye akaunda kampuni iliyokuja kuitwa L'Oréal. Lakini Eastlands haikuipokea nyeusi kutoka Paris. Iliipata kwa vichupa vya unga wa Bigen, unaotengenezwa na kampuni ya Hoyu ya Nagoya, Japani, na kwa pakiti za bei nafuu kutoka India. Kila pakiti ilitosha kichwa kimoja au viwili, na mtu aliweza kuinunua kwa chenji ya mfukoni bila kungoja mwisho wa mwezi.

Wakati huo mitaa nayo ilikuwa imebadilika. Katika miaka ya 1970 nyumba za mtaa wa Buruburu zilianza kujengwa kwa awamu, na waliozinunua walikuwa watu wa mshahara: makarani, walimu, watumishi wa serikali. Hadi mwaka 2009, ulipopandishwa kuwa miaka 60, umri wa kustaafu serikalini ulikuwa miaka 55. Mtu wa miaka 50 mwenye kichwa cheupe alionekana ofisini kama aliyekwisha kufunga virago, hata kama bado alikuwa na karo za watoto za kulipa. Kwake rangi ya kutu isingesaidia kitu. Alihitaji nyeusi.

Kazi hiyo ikaingia kwa kinyozi. Baada ya mashine kuzimwa, kinyozi hupaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na nyuma ya masikio ili ngozi isishike rangi, hukoroga unga na maji kidogo kwenye kifuniko, kisha hupaka kwa mswaki wa zamani. Mteja husubiri nusu saa hivi akitazama mpira, halafu huoshwa. Siku hizi hata vijana wasio na mvi hupakwa ili ndevu zikolee na mstari wa kichwa ukae wazi.

Hina nayo ilirudi kwa nguvu. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wasomali wengi walihamia mtaa wa Eastleigh, nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuka soko, na wazee wenye ndevu nyekundu wakawa wengi tena barabarani. Wasomali nao ni Mashafii.

Leo njia hizo mbili zinakutana kwenye rafu moja, na hapo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Hina halisi haitoi nyeusi peke yake. Ikichanganywa na nili hukaribia kahawia iliyoiva au nyeusi, lakini kazi hiyo huchukua saa nyingi. Pakiti iliyoandikwa hina nyeusi na kuahidi matokeo kwa nusu saa kwa kawaida ina PPD, ile ile ambayo Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani, na ambayo chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitaja kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2006. Anayewashwa, kuvimba kope au kutoka malengelenge hapaswi kuirudia. Anayeanza ajaribu tone dogo kwenye kiwiko na kungoja saa 48, kama maelezo ya pakiti nyingi yanavyotaka, na kabla ya kulipa asome orodha ya viambato nyuma ya pakiti, kwa sababu picha ya jani la mhina mbele yake haithibitishi chochote.