Matone ya Chanjo na Imani ya Mzazi

Ugonjwa wa polio, upoozeshao viungo vya watoto, haukushindwa kwa dawa peke yake. Mwaka 1988 mataifa yaliazimia kuufuta duniani. Mwaka 2013 ulizuka tena Kenya, ukawapata watu 14. Wachanjaji wakaenda nyumba kwa nyumba. Lakini mwaka 2015 maaskofu Wakatoliki nchini walitilia shaka usalama wa chanjo, wakawataka waumini wasiipokee mpaka ipimwe. Mzazi wa Lugulu, katika Bungoma, amsadiki nani? Amri haikutosha kumjibu. Alihitaji mtu amjuaye, asemaye Kibukusu, asikilizaye hofu yake kabla ya kufungua kichupa. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio. Ushindi huo una mizizi miwili: elimu ya tabibu na imani ya mzazi.