Sinia, mkono ao sindano: franga za santuri zilikwenda wapi katika Katanga

KINKONDJA – Santuri ya zamani, ile ambayo wengi hapa Katanga wanaiita disiki, haisemi yenyewe. Inahitaji vitu vitatu: sinia linaloizungusha kwa mwendo usiobadilika, mkono unaopita juu yake, na kichwa chenye sindano kwenye ncha ya mkono huo. Mwenye franga chache anajiuliza aweke nyingi wapi.

Swali hilo linaweza kuonekana kama mchezo wa watu wa miji mikubwa. Lakini kwa familia ambazo zimekimbia mara moja, mbili ao tatu, si anasa. Katika sanduku panaweza kubaki disiki mbili tatu za baba ao za nyanya, na hakuna nakala nyingine. Sindano mbaya ikipita juu yake, sauti inakwaruzwa na hairudi tena. Kwa hiyo inafaa kuangalia namna watu waliotutangulia walivyogawanya franga zao, na nini kiliharibika.

Kutoka migodini hadi ziwani

Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1918 ikafika Bukama. Kuanzia hapo mashua za mvuke zilishuka Lualaba hadi Kongolo, safari ya zaidi ya kilomita 600, zikipita katika nchi ya maziwa, Upemba na Kisale. Mwaka 1928 reli ya BCK ikaunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwa kupitia Kamina. Kwa njia hizo vijana wa Kiluba walipanda kwenda kufanya kazi kwa Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906. Kwa njia hizohizo walirudi na vitu vya mjini: baisikeli, cherehani, nguo, na gramafoni.

Gramafoni ya wakati ule ilifaa sana kwa kijiji. Iliendeshwa na springi iliyokazwa kwa mkono, haikuomba umeme wala betri. Ilifungwa kama sanduku, ikabebwa kichwani ao ndani ya mtumbwi. Mwenye nayo alijulikana, na jioni watu walikusanyika kwake.

Na muziki ulikuwapo. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha nyumba ya santuri ya Ngoma huko Léopoldville. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, kijana mpiga gitaa aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930: Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake « Masanga », wenye gitaa la kidole gumba na kidole cha shahada, ulitolewa kwenye santuri ya Gallotone ya Afrika Kusini, ukasikika mbali kupita Katanga. Tracey alinasa pia nyimbo na ngoma za Waluba, mwaka 1952 na tena mwaka 1957.

Sindano ya upande mmoja

Santuri ile ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na kila upande ulidumu karibu dakika tatu. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na kanuni ilikuwa kali: sindano moja, upande mmoja, kisha itupwe. Ndiyo sababu ziliuzwa kwa mamia ndani ya kopo dogo la bati.

Kanuni hiyo ilikuwa na maana. Santuri ya 78 ilitengenezwa kwa utomvu uitwao sheleki, uliochanganywa na unga wa mawe. Kichwa cha gramafoni kiliikandamiza kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, na unga ule ulisugua ncha ya sindano mpaka ikaenea vizuri ndani ya mfereji. Mwisho wa upande, sindano ilikuwa imepata kingo kali. Ukiiweka tena mwanzoni mwa santuri, kingo zile zinakata kuta za mfereji, na kuta ndizo zenye sauti.

Sasa mtu wa mbali na duka afanye nini kopo likiisha? Kishawishi kilikuwa kimoja tu: kuitumia sindano ileile tena na tena. Santuri ilianza kugeuka rangi, kutoka nyeusi hadi kijivu pale sindano ilipopita, na sauti ya mwimbaji ikazama chini ya mkwaruzo.

Hapo kuna fundisho la kwanza. Sanduku lilinunuliwa mara moja, likaonekana na watu wote. Sindano ilikuwa matumizi yasiyokwisha, na hakuna aliyeisifu. Mtu aliweza kumaliza mshahara wa miezi kwa sanduku zuri, kisha akakosa franga kidogo za kulinda kile alichokuja kusikiliza.

Santuri laini, sindano ndogo

Mwaka 1948 kampani ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33, na mwaka 1949 RCA ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Zote zilikuwa za vinili, plastiki laini isiyovunjika upesi, yenye mfereji mwembamba sana. Sindano ya 78 ina ncha ya karibu sehemu 70 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Ya santuri mpya haifiki 25. Ncha zikawa za yakuti ao almasi, na uzito wa kichwa ukashuka hadi gramu chache.

Mabadiliko hayo yalileta hatari ya pande mbili. Ukiweka vinili juu ya gramafoni ya zamani, sindano ya chuma inailima kama jembe mara ya kwanza tu. Ukiweka 78 chini ya sindano ndogo, ncha inaelea chini kabisa ya mfereji mpana, inaokota vumbi na kelele. Mashine nyingi zilikuja na sindano mbili kwenye kichwa kimoja na kifunguo cha kugeuza. Asiyegeuza aliharibu bila kujua.

Tangu hapo kazi ya mkono wa mashine ikaonekana wazi. Mkono mzuri una kizani nyuma, kinachosogezwa ili sindano ikae kwa uzito uliopangwa, kwa vichwa vingi kati ya gramu 1.5 na 3. Uzito ukizidi, mfereji unalika. Ukipungua sana, hali si nafuu: sindano inarukaruka na kuzipiga kuta. Mikono ya mashine ndogo za bei rahisi mara nyingi haina kizani cha kusogeza. Inakandamiza kwa gramu 5 ao zaidi, na mwenye nayo hana la kufanya.

Mabishano ya Glasgow

Kwa miaka mingi Ulaya na Marekani wauzaji waliwaambia watu waweke pesa nyingi katika vikuza sauti, kwa kuwa huko ndiko sauti inakotokea. Kuanzia mwaka 1972 mashine ya Sondek LP12 ya kampani ya Linn, huko Glasgow, Scotland, ilileta neno tofauti. Mwenye kampani hiyo, Ivor Tiefenbrun, alifundisha kwamba chanzo ndicho cha kwanza: kile ambacho sinia, mkono na sindano havikukiokota, hakuna kikuza sauti kitakachokirudisha. Wafuasi wake walipanga hivi: kwanza sinia, kisha mkono, mwisho kichwa. Kichwa cha bei ndogo kwenye mashine imara, walisema, kinashinda kichwa cha bei kubwa kwenye mashine inayotikisika.

Wengine walikataa. Kwao kichwa ndicho kinachogeuza mtikisiko kuwa sauti, basi kistahili sehemu kubwa. Wengine tena walisema vitatu viende sawa, kwa sababu kichwa chepesi na laini hakipatani na mkono mzito, hata kama kila kimoja peke yake ni kizuri.

Neno la Glasgow lina ukweli. Sinia likiyumba, gitaa la Mwenda linalia kama limelewa. Lakini mabishano yale yalikuwa ya watu ambao santuri ikiharibika wanarudi dukani kununua nyingine. Mwenye nakala moja tu anaanza mahali pengine. Kwake la kwanza ni sindano nzima ya kipimo sahihi. La pili ni mkono unaoweza kupimwa uzito. Sinia linafuata: litoshe kushika mwendo, basi. Mbao zinazong'aa na taa za rangi ni za mwisho kabisa. Kama mfano, kwa kila franga 10, 5 ziende kwa sinia na mkono, ambavyo mara nyingi huuzwa pamoja, 3 kwa kichwa, na 2 zisiguswe: ni za sindano ya kubadilisha. Fungu hilo la mwisho ndilo lililokosekana zamani.

Kukimbia na santuri

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na Waluba wengi wa kaskazini wakaipinga. Vijiji viliungua. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba waliishi katika kambi ya wakimbizi Élisabethville. Miaka ya 2000 ilileta mapigano mengine, kati ya jeshi na Mai-Mai, na watu wakakimbilia hadi kwenye visiwa vya mafunjo katika maziwa ya Upemba.

Anayekimbia anabeba mtoto, chungu, na wavu. Santuri ya 78 ni nzito, na ikianguka inapasuka. Vinili haipasuki upesi, lakini chini ya bati la jua inajikunja. Si ajabu kaseti, ambayo Philips iliitoa mwaka 1963, ikachukua nafasi: inaingia mfukoni, haihitaji mkono wala sindano. Watu walinakili santuri zao kwenye kaseti. Ila kaseti hainakili wimbo peke yake. Inanakili pia kila mkwaruzo ambao sindano ilikuwa imeshauacha. Simu ya leo inafanya vilevile.

Linganisha na njia ya Hugh Tracey. Mwaka 1954 alianzisha nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini. Alitoa mfululizo wa « Sound of Africa », santuri ndefu zaidi ya 200. Kwa sababu kanda za kwanza zilitunzwa, sauti za Waluba za mwaka 1952 na 1957 zilitolewa tena kwenye CD miaka mingi baadaye. Mahali pale wangeweza kununua sindano mpya. Katika kijiji, sauti ileile ilitegemea kopo la bati.

Kinachoweza kufanywa sasa

Si lazima kila nyumba iwe na mashine. Familia kumi zikichanga, mashine moja yenye kizani nyuma ya mkono, na kichwa chenye sindano mbili, ya 78 na ya vinili, inatosha mtaa mzima. Ikae mahali pamoja, penye umeme wa jua usioyumba. Kila santuri ipigwe mara chache, inaswe vizuri, kisha irudi kwa mwenyewe.

Kabla ya hapo, wenye disiki sandukuni wasizijaribu kwenye mashine yoyote waliyoikuta. Wazisimamishe wima kivulini, wasizilundike. Vumbi litolewe kwa kitambaa laini na maji safi kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Santuri ya 78 isiguswe na alkoli, kwa maana alkoli inayeyusha sheleki. Na iliyopasuka vipande isitupwe: karatasi yake ya katikati bado inataja jina la mwimbaji na namba, na kwa namba hiyo nakala nzima inaweza kutafutwa kwingine.