Saini Chini ya Mchoro

Uchanganuzi wa mifumo ya taarifa umerithi mapokeo mawili yasiyopatana kuhusu mtumiaji. Ya kwanza ni ya michoro. Peter Chen alichapisha modeli ya huluki na mahusiano mwaka 1976, Tom DeMarco akafuata na michoro ya mtiririko wa data mwaka 1978, na lugha ya michoro ya UML ikaidhinishwa mwaka 1997. Mchanganuzi huchora, mtumiaji huonyeshwa, huitikia kwa kichwa, hutia saini.

Ya pili, ya kumshirikisha mtumiaji katika ubunifu, yalianza Norway mapema miaka ya 1970, Kristen Nygaard alipofanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma. Baadaye, katika mradi wa UTOPIA wa 1981 hadi 1985, wapiga chapa wa Skandinavia walitumia vielelezo vya mbao na karatasi kuijaribu mitambo iliyokuwa bado haijaundwa.

Tuyapime mapokeo hayo Rongo, Kenya, kwenye miwa. Tuseme karani wa malipo ya wakulima ameonyeshwa visanduku viwili, Mkulima na Shamba, na mstari kati yao. Mstari unasema mkulima aweza kuwa na mashamba mengi, ila kila shamba lina mkulima mmoja tu. Karani ataitikia. Hakuna kinachomwonyesha kwamba mstari huo umewafuta ndugu watatu wanaolima shamba ambalo bado liko kwa jina la marehemu baba yao. Sasa, kwa mapokeo ya pili, mpe fomu tupu ya malipo, aijaze kwa ajili ya miwa ya shamba hilo hilo. Akifika penye jina la mlipwaji, kalamu itasita: "Hapa niandike nani?" Swali hilo linathibitisha uelewa kuliko saini yoyote.

Hospitali zetu zimeyaonja mapokeo ya pili. DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa Kenya mwaka 2011, humpa afisa wa kumbukumbu za afya skrini inayofuata fomu anazozijua, kama MOH 711. Kisanduku kikikosekana, anaona mara moja. Lakini skrini haimwambii takwimu zake zinaelekea wapi baada ya hapo, wala asilimia zinazomrudia zimekokotolewa kwa idadi gani ya watu. Hapo mishale ya michoro ya DeMarco ingemfaa zaidi, na kumnyima kwa madai kwamba ni ya wataalamu ni kumdhulumu. Afundishwe kuusoma mchoro, kisha apewe mmoja wenye kosa la makusudi alitafute. Asipoliona, saini yake isichukuliwe.