Kujitegemea kwa nishati

Magazeti mengi huandika "uhuru wa nishati" pale nchi inapotaka kuacha kutegemea mafuta ya wengine. Mimi nachagua "kujitegemea kwa nishati". Uhuru una tarehe yake na bendera yake, lakini kujitegemea hupimwa kila siku. Isitoshe, neno lenyewe tunalo tangu Azimio la Arusha la Februari 1967, lililoasisiwa na Julius Nyerere, mwana wa Butiama, huku huku mkoani Mara. Maana yake ni nchi kupata umeme, mafuta na moto wa kupikia kutoka vyanzo vyake yenyewe, kiasi kwamba vita vya mbali visitupandishie bei.

Kipimo hicho tukianzie Tarime. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji. Tarime na Mugumu huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta hushushwa bandarini, kisha yanasafiri kwa malori hadi huku. Hatuchimbi mafuta ghafi, na kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kuyasafisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Bodaboda wa Sirari anaendesha kwa bei iliyopangwa ng'ambo ya bahari.

Petroli, makaa ya mawe na gesi asilia huitwa nishati ya kisukuku, yaani inayotokana na mabaki ya viumbe vilivyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Wengi hudhani kuachana na kisukuku na kujitegemea ni jambo moja. Gesi ya Songo Songo, inayozalisha umeme tangu 2004, ni ya kisukuku na ni yetu. Kuni za Serengeti si kisukuku wala haziletwi na meli. Kwa kipimo hicho peke yake, mama anayepikia mafiga matatu amejitegemea kutushinda sote, na malipo yake ni moshi kifuani na safari ya kuni inayozidi kurefuka. Ndiyo maana mjadala wa kujitegemea usiomwangalia mama huyu haujakamilika.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, na mtungi wa gesi ndio unaonadiwa zaidi. Utasikia watu wakisema ni gesi yetu ya Mtwara. Siyo. Ya Mtwara ni methani, ambayo haigeuki kimiminika ndani ya mtungi wa nyumbani. Husafiri kwa bomba. Ya mtungini ni propani na butani, na huja kwa meli. Jiko linakuwa safi, lakini linaingia katika foleni ile ile ya petroli. Siupingi mtungi. Napinga kuuhesabu kuwa ni kujitegemea.

Njia zilizo zetu zipo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, ingawa umbali unatugharimu: Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaotoka kusini hupotea njiani. Kelele zilikuwa nyingi. Kwangu mimi, kununua kwa jirani huku una wako si utegemezi.

Njia nyingine iko zizini. Wakurya wa huku ni wafugaji, na samadi ikichanganywa na maji katika tangi lililofukiwa chini, bila hewa, bakteria huzalisha methani ile ile ya Songo Songo, ila hii si kisukuku kwa sababu ni ya nyasi za juzi. Kituo cha teknolojia vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kimekuwa kikijenga mitambo hiyo ya bayogesi tangu miaka ya 1980, na tope linalobaki huenda shambani. Ugumu ni maji: ndoo ya samadi hudai karibu ndoo nzima ya maji, kila siku, hata kiangazi, na mbebaji ni yule yule aliyekuwa akitafuta kuni. Anayetaka bayogesi Tarime na Serengeti aanze kwa kumjengea kisima.