Jinzi: ilitoka wapi, na jinsi ya kuchagua inayokukaa

Wadau, sijui kama kuna nguo inayovaliwa na watu wa kila aina kama jinzi. Konda anayo, mwanachuo anayo, bosi anaitinga Ijumaa, dada wa saluni anazo tatu. Lakini ukiuliza ilianzia wapi, wengi watakwambia ni nguo ya macowboy au wachimba dhahabu. Na ukiuliza kwa nini ile uliyonunua mwezi uliopita inabana mapajani huku kiunoni inapwaya, jibu ni "lakini saizi yangu si 32?"

Leo tupitie yote mawili, historia halafu uchaguzi. Ukijua jinzi ilishonwa kwa kazi gani, unajua pia uikague wapi kabla hujatoa hela.

FUNDI WA RENO

Jamaa aliyeianzisha hasa anaitwa Jacob Davis. Alizaliwa Riga (leo ni Latvia) na alikuwa fundi cherehani katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, Marekani. Mwanzoni mwa 1871 alipata oda toka kwa mama mmoja: amshonee mumewe suruali ya kazi. Mume alikuwa mkata kuni, mtu wa miraba minne, suruali zake hazikuwa zinadumu. Bei ikawa dola 3.

Davis alijua suruali ya kazi inaanzia kufa wapi: kwenye kona za mifuko, maana ndipo mtu anapotumbukiza misumari na mikono kutwa nzima. Pale kibandani kwake alikuwa na ribiti za shaba alizokuwa akitumia kwenye mablanketi ya farasi. Akazigonga kwenye kona za mifuko. Ndio vile vidude vya mviringo unavyoviona kwenye jinzi yako hadi leo. Habari zikasambaa, oda zikamiminika.

Akaogopa kuibiwa ujanja wake. Mwaka 1872 akamwandikia barua mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss, Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Bavaria, Ujerumani. Pendekezo lilikuwa hili: wewe lipia hataza, faida tugawane. Hataza namba 139,121 ilitolewa 20 Mei 1873, na hiyo tarehe ndio wengi wanaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa jinzi.

Kwa hiyo ile hadithi kwamba Levi alishonea wachimba dhahabu suruali za turubai miaka ya 1850 ni hadithi tu. Levi hakuwa fundi, alikuwa muuza vitambaa. Tetemeko na moto wa San Francisco mwaka 1906 viliunguza kumbukumbu za kampuni, na penye pengo la kumbukumbu hadithi hazikosi.

Mengine yalikuja polepole. Namba 501 ilianza kutumika 1890. Mfuko wa pili wa nyuma uliongezwa 1901. Vitanzi vya mkanda vilikuja 1922, kabla ya hapo watu walivaa na ukanda wa mabegani. Jinzi za kwanza za Levi's za kinamama zilitoka 1934. Na kile kimfuko kidogo cha mbele ambacho leo kinakaa sarafu kilikuwa cha saa ya mnyororo.

KITAMBAA CHENYEWE

Jina "jeans" linatokana na mji wa Genoa, Italia, ambao Wafaransa huuita Gênes. "Denim" kwa kawaida inaelezwa kuwa ni kifupi cha serge de Nîmes, yaani kitambaa cha mji wa Nîmes, Ufaransa.

Geuza jinzi yako ndani nje: nje bluu, ndani karibu nyeupe. Nyuzi za urefu (mtande) zimetiwa rangi ya nili, nyuzi za upana (mshindio) zimeachwa nyeupe, na ufumaji wake unafanya nyuzi za bluu zitokeze zaidi upande wa nje. Sasa nili ina tabia moja: haizami hadi kwenye kiini cha uzi, inabaki juu juu. Ukisugua, inatoka. Ndio maana jinzi inapauka magotini na mapajani na sio kila mahali sawasawa.

Na sisi tuna undugu wa mbali na kitambaa hiki. Denimu ya Levi's za mwanzo ilifumwa kiwanda cha Amoskeag, mji wa Manchester, New Hampshire, ukanda unaoitwa New England. Ukanda huohuo ndio uliokuwa unafuma ile merikani iliyojaa Zanzibar na kupanda na misafara hadi bara katikati ya karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, soko likachukuliwa na vitambaa vya Bombay na Uingereza.

TOKA KAZINI HADI KWENYE FASHENI

Kwa miaka mingi jinzi ilikuwa ya mkulima, fundi na mfanyakazi wa reli. Mambo yakabadilika na sinema: Marlon Brando katika The Wild One (1953) na James Dean katika Rebel Without a Cause (1955). Vijana wakaitaka, shule nyingi Marekani zikaipiga marufuku, na mnajua wenyewe kitu kikikatazwa kinavyopendwa.

Baadaye watu wakachoka kusubiri jinzi ipauke yenyewe, viwanda vikaanza kuuza zilizopaushwa tayari. Hapa ndipo pana machungu. Njia moja ya kupausha ilikuwa kupiga kitambaa kwa mchanga unaorushwa na hewa ya kasi. Vumbi lake lina silika, likiingia kwenye mapafu linaleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Nchini Uturuki vijana kibao waliofanya kazi hiyo kwenye vikarakana visivyo na hewa waliugua, na wengine walikufa. Uturuki ikapiga marufuku njia hiyo 2009, na 2010 Levi's na H&M wakatangaza kuiacha. Leo mashine za leza zinaweza kufanya kazi hiyo bila mchanga.

Hata ukiacha ubinadamu pembeni, piga hesabu ya mfuko wako: jinzi iliyopaushwa sana au kuchanwa magotini kiwandani imeshaliwa sehemu ya maisha yake, na wewe unalipia.

SASA TUCHAGUE

1. Namba. W32 L34 maana yake kiuno inchi 32 (kama sentimita 81), na urefu wa ndani wa mguu, toka msamba hadi pindo, inchi 34 (kama sentimita 86). Ila usiiamini peke yake, kila kiwanda kina vipimo vyake na vingine huandika namba ndogo kuliko kiuno halisi ili ujisikie mwembamba. Dawa yake: chukua jinzi yako inayokukaa poa, funga kifungo, ilaze, pima kwa tepu sehemu nne: kiuno (zidisha mara mbili), toka mshono wa msamba hadi juu ya kifungo, upana wa paja chini kidogo ya msamba, na urefu wa ndani. Hifadhi kwenye simu. Ukifika sokoni unapima, hubahatishi.

2. Anza na makalio na mapaja, kiuno baadaye. Dada zetu wenye nyonga hili linawahusu zaidi. Ikikaa vizuri nyongani na kupwaya kiunoni, fundi anaimaliza. Ikikaa kiunoni na kubana mapajani, mwachie muuzaji.

3. Jua fundi anaweza nini. Kukata urefu na kupunguza miguu ni kazi ndogo. Kiuno kupunguza inchi moja mpaka mbili sawa, ukizidisha mifuko ya nyuma inakaribiana kama macho ya samaki. Kuongeza nafasi ya msamba au mapaja hawezi, kitambaa hakipo.

4. Ijaribu kwa vitendo. Kaa, chuchumaa, panda ngazi. Mikunjo ikitawanyika toka msambani kama masharubu ya paka, imebana. Kiunoni vidole viwili viingie bila kugombana. Ile mbinu ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni inakisia kiuno tu, haisemi lolote kuhusu mapaja.

5. Soma lebo. Pamba 100% inaanza ngumu halafu inalegea kidogo kwa kuvaliwa. Yenye elastani 1% au 2% inavutika tangu dukani, ila maji ya moto na pasi kali vinaiua mapema. Na denimu ambayo haijapunguzwa kiwandani inaweza kurudi hadi 10% ukiifua, inchi 34 ikawa chini ya 31.

6. Mlegezo au modo ni shauri lako. Ila ukitaka kulegeza, tafuta iliyokatwa hivyo, usinunue kubwa saizi tatu. Paja litapwaya na pindo litafagia barabara.

KWENYE MITUMBA

Belo likifunguliwa watu hugombania jina la mgongoni. Wewe angalia haya kwanza. Inyanyue juani, tazama mapaja kwa ndani: mwanga ukipenya, miezi michache inachanika. Vuta zipu mara tano. Tikisa kifungo. Tazama mshono wa pembeni, ukiwa umehamia mbele ya goti mguu umejipinda, na hakuna pasi ya kuunyoosha. Halafu angalia uzi wa mishono: jinzi nyingi za bluu hushonwa kwa uzi wa njano au wa chungwa. Ukiona mpaka uzi umekuwa bluu au mweusi, uliza, huenda imepigwa rangi upya kuficha uchakavu. Sugua na kitambaa cheupe chenye maji uone. Ila jinzi mpya ya bluu iliyokolea nayo huchuja kidogo, hiyo ni kawaida.

Ukifika nyumbani, ifue ukiwa umeigeuza ndani nje, maji baridi, anika kivulini. Sio lazima uifue kila ukivaa.

Kwa kifupi wadau, yule mkata kuni wa 1871 hakununua jina, alinunua mfuko usiochanika. Lebo angalia mwisho. Kama una ujanja wako wa kukagua sokoni, au unamjua fundi anayepunguza kiuno bila kuharibu mifuko, tupia hapo chini na wengine wafaidike.