Nani Alizikarabati Kuta za Thimlich Ohinga?

Anayepanga ziara ya siku tatu ya magofu ya Ugiriki hukuta kazi imeshafanywa. Pausanias aliizunguka nchi hiyo katika karne ya 2 baada ya Kristo akiandika habari za mahekalu, makaburi na sanamu zilizostahili kutazamwa, na basi la watalii linaloondoka Athens leo asubuhi bado hupita mengi ya mahali alipopita yeye: Epidaurus, Mycenae, Delphi. Anayepanga siku mbili katika kaunti za Migori na Homa Bay hana Pausanias wake. Vya kutazamwa vipo, tena vingi kuliko wanavyodhani wasafiri wanaopita Rongo mbio mbio wakielekea mpakani Isebania. Kuna kuta za mawe za Thimlich Ohinga, makorongo ya visukuku ya Karungu, Rusinga na rasi ya Homa, michoro ya miambani ya Mfangano, ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, na kaburi la mwanasiasa Tom Mboya huko Rusinga. Kinachokosekana ni mpangilio: kipi kitangulie, na kwa nini. Mpangilio wa ziara si suala la petroli na malazi pekee. Ni hoja ya historia, kwa sababu kile mgeni anachokiona kwanza ndicho humfundisha namna ya kuvitazama vinavyofuata.

Mpangilio unaokuja upesi kichwani ni wa umri: uanze na cha kale kabisa, kisha ushuke taratibu mpaka zama zetu. Kwa kipimo hicho Rusinga haina mpinzani, maana ndiko Mary Leakey alikopata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya masokwe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Nyuma yake ingekuja Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, ambako watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko iliyobeba alama za kukatwa nyama. Karungu nayo ina sifa yake: Felix Oswald alifika huko mwaka 1911 kutafuta visukuku kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza, wakati ufuo wa ziwa ukiwa umekumbwa na ugonjwa wa malale. Lakini ziara ya namna hii ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba vyenyewe havipo. Fuvu la Rusinga lilipelekwa London, likakaa huko miongo kadhaa kabla ya kurudishwa Nairobi. Anayefika lilikopatikana huona mteremko uliomomonyoka na kuelezwa kwa mdomo. Kanam, si mbali na Nyayanga, ilitoa mfano mbaya zaidi. Louis Leakey alitangaza taya la binadamu wa kale lililopatikana hapo mwaka 1932, na mwanajiolojia Percy Boswell alipokuja mwaka 1935 kuonyeshwa mahali penyewe, hapakuweza kutambuliwa kwa uhakika. Ikiwa mtafiti mwenyewe alishindwa kumwonyesha mwanasayansi mwenzake baada ya miaka mitatu, mtalii wa nusu siku ataonyeshwa nini?

Kwa hiyo ni bora kuanza na kitu ambacho hakijahamishwa. Thimlich Ohinga iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, upande wa Macalder, na mwaka 2018 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni maboma ya mviringo, manne makubwa yakiitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, yenye kuta ambazo mahali pengine hufikia kimo cha mita 4 hivi na zina unene wa wastani wa mita moja. Hakuna saruji wala udongo wa kushikiza, mawe hayakuchongwa, na hakuna msingi uliochimbwa chini yake. Siri iko katika upangaji: safu ya nje na safu ya ndani ni mawe makubwa yaliyoshikana kwa maumbo yake yenyewe, na katikati yake pamejazwa mawe madogo madogo yanayozifunga safu hizo mbili. Milango ni mifupi, ina vizingiti vya mawe juu yake, hivi kwamba anayeingia lazima ainame, na aliyeinama ni rahisi kumdhibiti. Ndani kulikuwa na nyumba na mazizi ya ng'ombe. Karibu na Kochieng pana mahali palipokuwa pa kufulia chuma. Haya si makao ya mfalme wala hekalu. Yalikuwa makazi ya wafugaji na wakulima waliotaka kulala bila hofu ya wavamizi na wanyama wakali.

Kila mgeni akishazunguka Kochieng huuliza swali lile lile: nani alijenga? Jibu la wanaakiolojia ni la tahadhari. Ujenzi unawekwa karibu na karne ya 16. Waanzilishi huenda walikuwa watu wa lugha za Kibantu, na baadaye Waluo waliingia eneo hilo, wakayakalia maboma yale yale kwa vizazi mpaka karne ya 20. Mimi nashikilia kwamba swali hilo, japo ni halali, halitufikishi mbali, na kwamba ziara yenye maana ingefaa kupangwa kulizunguka swali jingine: nani alikarabati? Fikiria ukuta usio na saruji wala msingi unavyoishi. Mvua huusogeza, mizizi hupenya kati ya mawe, ng'ombe hujikuna humo, watoto hupanda juu. Jiwe moja likitoka safu ya nje, kokoto za katikati huanza kumwagika, na baada ya misimu michache panakuwa na pengo. Ukuta wa aina hiyo ukisimama miaka 500, basi tunachokitazama si kazi ya kizazi kimoja cha mafundi. Ni kazi ya watu wengi waliorudisha mawe mahali pake, na mpangilio wa safu tatu waliukuta wakaufuata badala ya kubuni wao. Ushahidi wa upande wa pili ni mzito zaidi. Wakazi wa mwisho walipohama katika karne ya 20, amani ya wakati wa ukoloni ikiwa imepunguza haja ya kuta na familia zikijenga makazi yaliyo wazi yenye ua wa minyaa, miongo michache tu ilitosha kuyatia maboma hayo hatarini, hata Thimlich Ohinga ikaorodheshwa na World Monuments Watch ya mwaka 2000 miongoni mwa maeneo yaliyohitaji kuokolewa. Karne nne za kukaliwa na watu hazikuuangusha ukuta. Kuondoka kwa watu ndiko kulikouangusha.

Swali la mjenzi lina historia yake Afrika Mashariki, na historia hiyo inaeleza kwa nini limetutawala. Neville Chittick, aliyeandika makala fupi kuhusu maboma ya mawe ya Nyanza Kusini mwaka 1965, ndiye huyo huyo aliyechimba Kilwa, wakati ambapo wataalamu wa pwani waliyahesabu magofu ya Waswahili kuwa kazi ya wahamiaji kutoka Uarabuni na Uajemi. Ilichukua muda, na uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980, kwa wazo hilo kulegea na miji ile kuonekana imekua kutoka mizizi ya hapa hapa. Zimbabwe Kuu ilipatwa na makubwa zaidi, kwa kuwa walowezi walidai ilijengwa na Wafoinike, mpaka David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walipoonyesha kuwa ni kazi ya Waafrika. Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapotokea, nalo lina nguvu. Mtu atasema: kulidharau swali la mjenzi ni anasa ya asiyenyang'anywa kitu, waliopokonywa Zimbabwe Kuu walihitaji jibu la nani alijenga, si nani alikarabati. Nakubali. Pale ambapo mtu anakana kwamba Waafrika walijenga, swali hilo lazima lijibiwe, na lilijibiwa. Lakini Thimlich Ohinga haiko mahakamani kwa kesi hiyo. Hapa swali la mjenzi limebadilika kuwa kinyang'anyiro kati ya majirani, Wabantu au Waluo, na katika kaunti ambamo Waluo, Wakuria, Wasuba na wengine wanaishi pamoja, jibu lolote la upande mmoja hugeuzwa upesi kuwa hati ya shamba. Mawe hayawezi kuibeba hati hiyo. Kinachoonekana katika mawe ni kwamba wenye lugha moja walianzisha, wenye lugha nyingine wakaendeleza, na ufundi haukukatika. Labda wageni walifundishwa na wenyeji; labda waliyakuta maboma matupu na kujifunza kwa kuutazama ukuta. Vyovyote iwavyo, hawakuubomoa wajenge wa kwao.

Kama huo ungekuwa mfano pekee, ningeuita bahati. Lakini Mfangano inasimulia habari hiyo hiyo kwa njia nyingine. Michoro ya rangi nyekundu na nyeupe huko Kwitone na Mawanga, miduara ndani ya miduara, inahusishwa na Watwa, wawindaji waliokuwapo kabla ya wakulima na wavuvi wa leo. Wasuba, ambao mapokeo yao yanawatoa ng'ambo ya ziwa upande wa Uganda, hawakuichora. Waliikuta, wakaiheshimu, wakapafanya mahali hapo kuwa pa kuombea mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyoikinga na mikono ya wachafuzi kwa vizazi. Baadaye wengi wao wakahamia lugha ya Kiluo, na bado michoro ikabaki mikononi mwao. Walinzi si wachoraji, na hakuna anayeona ajabu. Hili ndilo jambo ambalo ziara iliyopangwa kwa umri ingelificha, kwani ingeiweka Mfangano kama kituo cha katikati kati ya Nyayanga na Mboya, wakati kwa hoja yangu inapaswa kuja mara baada ya Thimlich, kama shahidi wa pili.

Pingamizi jingine ni la msafiri mwenye haraka: barabara ndefu, mawe machache, hakuna nguzo za marumaru wala jumba la maonyesho la kupumzikia. Jibu la kwanza ni kwamba Mycenae yenyewe, ukiondoa Lango la Simba, ni kilima chenye kuta za mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji. Pausanias alipofika huko mji ulikuwa magofu tayari, na alichoandika ni kwamba kuta zile zilisemekana ni kazi ya Masaiklopi, majitu ya hadithi. Wagiriki wa wakati wake hawakuwajua wajenzi wao kwa uhakika kuliko sisi tunavyowajua wetu, na hilo halikuwazuia kuuona ukuta ule kuwa wao. Jibu la pili ni kwamba mawe si machache. Watafiti wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya mawe yaliyotapakaa Nyanza Kusini. Thimlich ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko yote, na umaarufu wake umetufanya tuifikirie kama ajabu moja iliyoanguka porini, wakati kwa wakazi wa karne ya 17 ilikuwa makazi ya kawaida miongoni mwa mamia.

Pingamizi gumu kuliko yote linahusu ukarabati wa leo. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yamezirudisha sehemu zilizoanguka. Je, mgeni anatazama kazi ya kale au ya juzi? Wagiriki wanalijua tatizo hili vizuri. Nikolaos Balanos aliikarabati Parthenon kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 kwa vibanio vya chuma, chuma kikashika kutu na kupasua marumaru, na kamati iliyoundwa mwaka 1975 imelazimika kuifungua kazi yake na kuirudia, ikitia marumaru mpya ambayo weupe wake unaonekana wazi kando ya ile ya zamani. Ukarabati unaweza kuharibu, basi. Lakini tofauti haiko kati ya cha kale na kipya. Ipo kati ya ukarabati unaofuata mantiki ya jengo na unaoikaidi. Chuma cha Balanos kilikuwa kigeni kwa namna kilivyotumika. Jiwe linalorudishwa katika safu yake huko Kochieng na fundi aliyefundishwa mpangilio wa safu tatu ni mwendelezo wa kazi ile ile iliyofanywa mara nyingi kabla. Ningehofu zaidi siku ambayo mtu atakuja na saruji kwa nia njema.

Mpango wa siku mbili, basi, ungekuwa hivi. Siku ya kwanza yote iwe ya Thimlich, mgeni akitokea Migori kwa njia ya Macalder, au Homa Bay kwa njia ya Rodi Kopany na Ndhiwa. Siku ya pili ni Mbita, mashua hadi Mfangano, na wakati wa kurudi, Rusinga kwa saa moja au mbili, kaburi la Mboya likiwemo. Simbi Nyaima na Karungu zisubiri safari nyingine, na wapenzi wa visukuku wataona mengi zaidi Nairobi. Mwenye siku moja tu aviache visiwa vyote. Aende Thimlich asubuhi, na mchana aombe ruhusa ya mwenye shamba aingie katika ohinga, yaani boma la mawe, ndogo ya jirani isiyo na bango wala tiketi, yenye kuta zilizoanguka nusu, aone ukuta wa aina ile ile unavyokuwa pale ambapo hakuna aliyeukarabati.